Mama Samson na Meseji ya Bi Siwema

Jina lake ni Evarista Komba, ila pale Mtaa wa Mchikichi tulimwita Mama Samson. Wale waliokuja kumtafuta na redio kwapani walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha shule yoyote. Tulipanga nyumba moja, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati. Yeye na mumewe Vitalis walikuwa chumba cha kwanza kushoto, mimi na cherehani yangu kilichofuata. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine nimeyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe huku tukichambua mchele uani.

Alifika Dar mwaka 1989 kutoka Mbinga, akimfuata Vitalis aliyekuwa mchomeleaji kwenye karakana ya reli Gerezani. Alikuwa amesoma kwa masista mpaka kidato cha pili, baba yake akafariki, shule ikaishia hapo. Kiingereza chake hakikuwa cha kuongea, kilikuwa cha kusoma. Alisoma kila kilichoandikwa: gazeti lililofungiwa vitumbua, maneno ya kwenye kopo la maziwa, karatasi zinazotoka ndani ya paketi za dawa. Alipopata kazi kwenye duka la Natvarlal, Mtaa wa Aggrey, alichukuliwa kufagia, kuchemsha chai na kupangusa bidhaa.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilikuwa zimekolea. Zamani mtu mwenye redio ya kaseti alijulikana mtaa mzima. Sasa makontena yalikuwa yanashuka bandarini kila kukicha, na maduka yalijaa pasi, feni, majiko ya umeme, friji za Dubai zilizokwisha tumika, na tangu mwaka tisini na nne, televisheni. Watu walinunua. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia vinatumikaje. Vitabu vya maelekezo vilikuwa vya Kiingereza, vingine vya Kijapani, vingine vya Kichina.

Natvarlal aliuza vizuri, lakini vitu vilirudi. Kila Jumatatu asubuhi palikuwa na foleni ya watu wenye maboksi. Bwana mmoja wa Ilala alirudisha televisheni yake mara tatu, na ya tatu alikuja na ndugu zake wawili.

"Mzee, umeniuzia boksi la chenga," alisema. "Nikiwasha, chenga. Nikizima, giza. Bora giza."

Natvarlal aliiwasha, ikaonyesha picha safi. Yule bwana akaona anafanyiwa kiini macho. Sauti zikaanza kupanda. Mama Samson alikuwa pembeni na kitambaa chake, na alikuwa amekisoma kitabu cha ile televisheni chote, kidogo kidogo, wakati wa chai.

"Samahani bosi," alisema. "Hiki kitabu kinasema kila ikihamishwa lazima itafutiwe stesheni upya. Na antena iwekwe juu, siyo nyuma ya kabati."

Natvarlal alimtazama kama mtu aliyesikia feni ikiongea. "Wewe umekisoma?"

"Kimekaa hapo bure, bosi."

Alimwonyesha yule bwana kitufe, akamshika kidole akakibonyeza naye, mara moja, mara mbili, mpaka bwana akaweza peke yake. Kisha akachana kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu ya wino herufi kubwa: KWANZA ANTENA JUU. PILI BONYEZA HAPA USUBIRI. IKITOKEA PICHA, ACHIA. Akakitoboa tundu, akakifunga kwa uzi kwenye waya. Ile televisheni haikurudi tena.

Tangu siku ile kila bidhaa iliyotoka pale ilitoka na kipande cha boksi kimening'inia. Mke wa Natvarlal, Mama Jyotsna, mwenyewe alikuwa anamletea nyuzi kutoka kwenye kikapu chake cha kushonea. Mama Samson alijiwekea sharti: asiandike zaidi ya mambo matatu. Aliniambia mtu aliyenunua kitu kipya ana furaha, na mwenye furaha hasomi jambo la nne. Kwenye pasi aliandika usizungushie waya ingali moto. Kwenye friji aliandika ikifika nyumbani ipumzike kwanza kabla ya kuwashwa, na umeme ukikatika ichomolewe, ukirudi isubirishwe. Kwenye redio aliandika betri mpya isichanganywe na kuukuu. Kuhusu ule mtindo wetu wa kuanika betri juani aliandika kwa upole: INASAIDIA KIDOGO, HAIPONYI.

Nyumbani ndiyo hakupumzika. Akirudi jioni anakuta watu barazani. Huyu video imemeza kanda ya harusi, yule rimoti imekufa. Rimoti nyingi hazikuwa zimekufa. Alifungua mfuniko, akatoa betri zilizovuja, akakwangua ule unga mweupe kwa kijiti cha kiberiti, akarudisha. Mwenye rimoti alimtazama kama mganga. Hakupenda kutazamwa hivyo. Alimpa mtu kijiti na kumwambia, "Ya pili fanya mwenyewe nione."

Mwaka tisini na saba karakana ilipunguza wafanyakazi, na Vitalis akawa miongoni mwao. Alirudi na boksi lake la vifaa, akaliweka uvunguni, akakaa miezi miwili bila kulivuta. Mama Samson hakumsemesha sana juu ya hilo. Alianza tu kumletea vyuma vya antena vilivyopinda kutoka dukani. "Baba Samson, hii nimeshindwa kuinyoosha." Akanyoosha moja, akanyoosha ya pili, na kabla ya Krismasi alikuwa anatengeneza antena za mabati uani na watu wanaweka oda. Mtoto wao Samson alikuwa bado kwa bibi yake Mbinga. Mwaka uliofuata waliweza kumleta.

Kisha zikaja simu za mkononi.

Mwanzoni zilikuwa za wakubwa, wanatembea nazo wamezishika mkononi ili zionekane. Ilipofika mwaka elfu mbili na moja hata sisi tulianza kuwa nazo. Mama Samson akaanza mambo mapya: vocha isikwanguliwe kwa kisu, namba ya siri ikikataa mara mbili usijaribu ya tatu, simu ikidondoka kwenye ndoo ya maji toa betri kwanza, usiwashe kuangalia kama imepona. Na aliweka sharti jingine kwake mwenyewe, kwamba hasomi meseji za mtu. Atakufungulia, atakuonyesha pa kubonyeza, halafu anageuza uso. Alikuwa ameona jirani mmoja nusura aachwe kwa sababu ya meseji iliyosomwa na asiyehusika.

Chumba cha mbele kulia alikaa Mzee Mbaruku na mkewe, Bi Siwema. Mzee alikuwa kuli bandarini karibu miaka thelathini, mpaka gunia likamwangukia mguuni. Tangu hapo alitembea na fimbo, na safari yake ndefu ilikuwa ya msikitini. Bi Siwema alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali, mpishi wa samaki wa kupaka ambao harufu yao ilitusimamisha sote kazi. Mtoto wao Nassibu alikuwa anafanya kazi Maskati, na ndiye aliyetuma ile simu, nyeusi, ndogo, yenye kioo cha kijani. Mama Samson alimfundisha mzee kwa siku tatu: kitufe hiki mara moja, hiki mara mbili, unaona meseji. Mzee aliihesabu ile mibonyezo kwa sauti kama mtu anayehesabu magunia. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hivyo alisoma kwa kioo cha kukuzia.

Mwezi wa pili mwaka elfu mbili na mbili Bi Siwema aliugua figo, akalazwa hospitali kubwa. Mzee alikwenda mara mbili kwa teksi, lakini wodi ilikuwa ghorofani, na mara ya pili mguu ulivimba hata kushuka ikawa kazi ya watu wawili. Baada ya hapo sisi wapangaji tulipokezana kupeleka uji. Bi Siwema alifariki Ijumaa alfajiri. Tulizika Kisutu baada ya sala ya mchana. Nassibu alikuja kwa siku tisa, akarudi Maskati.

Ambacho hatukukijua, kwa sababu mzee hakumwambia mtu, ni kwamba Alhamisi ile kabla hajafariki, Bi Siwema alimtumia mumewe meseji.

Miezi minne ilipita. Jumamosi moja, duka likiwa limefurika, Mzee Mbaruku alifika Mtaa wa Aggrey na fimbo yake, jasho linamtoka. Mama Samson alimwona, akamvutia stuli.

"Shikamoo, baba. Mbona umejisumbua? Si ungesubiri jioni nirudi."

"Marahaba, mwanangu. Nassibu amepiga, anasema meseji zake hazifiki. Na hiki kibahasha kinapepesa tangu juzi, kinanitia wasiwasi."

Aliichukua. Alijua mara moja. Simu zile zilikuwa na nafasi ya meseji kumi tu. Zikijaa, kibahasha kinapepesa na mpya haiingii.

"Imejaa, baba. Nifute?"

"Futa, mwanangu, futa. Vumbi la mji huu si mchezo."

Hilo neno la vumbi hakulisikia. Kulikuwa na mteja anamwita kutoka upande wa feni, na mwingine ameshika pasi juu hewani anaulizia rangi nyingine. Aligeuza uso kama kawaida yake asisome, akabonyeza kufuta zote. Kibahasha kikaacha kupepesa. Kisha, kwa adabu tu, akaipangusa simu kwa upindo wa kanga, akamrudishia. Mzee akamwombea dua ndefu, akaondoka kwa fimbo yake.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa ukumbini nafagia. Mzee alitoka chumbani kwake, bado ana kanzu ya sala ya alfajiri, kioo cha kukuzia mkono mmoja na simu mkono mwingine. Alibisha mlango wa Mama Samson, ambaye alikuwa anajiandaa kwa misa.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi hata kidogo. "Barua ya mama yako imekwenda wapi?"

Mama Samson hakuelewa. Alishika simu, akafungua, akaona tupu. Akamtazama mzee, na pale ndipo ikamjia.

"Ilikuwa humu, baba?"

"Ilikuwa ya saba. Naisoma kila nikitoka kusali. Nimebonyeza kama ulivyonifundisha, moja, halafu mbili, haipo."

"Baba, jana si nilikuuliza nifute?"

"Ukaifuta. Nilikuona, ukaifuta kwa kanga yako."

Alikaa chini palepale kizingitini na gauni lake la kanisani. Alimweleza. Alimweleza kwamba kuna kufuta vumbi na kuna kufuta maneno, kwamba yeye alikuwa anauliza hili na mzee anajibu lile, na kwamba maneno yakishafutwa kwenye simu ile hayarudi. Hakutafuta njia ya kujitoa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya," akarudi chumbani kwake, akafunga mlango taratibu.

Misa hakwenda.

Kesho yake mafundi simu wote wa Mtaa wa Msimbazi walimwona. Wengi walimwambia ukweli, haiwezekani. Mmoja alisema inawezekana, aiache siku mbili. Mama Samson alimwuliza ataifanyaje, fundi akaanza kuzunguka, basi Mama Samson akaichukua simu ya mzee akaondoka. Alikuwa ametumia miaka minane kuwaambia watu wasiogope mitambo, na sasa, aliniambia, aliogopa hata kuwasha taa.

Jioni alikwenda kwa mzee. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea chai.

"Baba, mama alisemaje kwenye meseji? Nikuandikie kwenye karatasi, herufi kubwa."

Mzee alitikisa kichwa. "Maneno ninayo yote. Alisema ananiwia radhi kwa yote, na mimi nimuwie radhi. Alisema samaki wa juu kwenye friji nisile maana umeme ulikatika. Alisema nifunge mlango wa uani. Ninayo, mwanangu. Lakini nikiyasema mimi yanakuwa yangu. Nilikuwa nikiisoma pale, ni yeye."

Kisha Mama Samson akauliza jambo ambalo mimi nisingelifikiria.

"Mama hakuwa na simu wodini. Nani aliiandika?"

"Nesi. Siwema aliniambia nilipokwenda mara ya pili, kuna nesi mmoja mrefu mwenye mwanya, wanataniana, wanaitana shoga."

Jumanne aliomba ruhusa kazini. Alidhani Natvarlal atauliza kwa nini katikati ya wiki, wakati mzigo mpya umefika. Natvarlal aliuliza kweli, naye akamwambia yote. Yule mzee wa Kihindi alivua miwani, akaifuta na shati.

"Mimi nilikuwa na kanda ya mama yangu," alisema. "Anaimba nyimbo za sala, nyumbani kwetu, sebuleni. Nikarekodi matangazo ya kriketi juu yake. Mama alikuwa amekwisha kufa. Mke wangu Jyotsna hajui mpaka leo, anadhani kanda ilipotea tulipohama." Akavaa miwani. "Nenda. Na kesho nenda pia kama hujampata."

Nilifuatana naye. Hospitalini tulipanda wodi ile ya ghorofani, tukamwuliza muuguzi aliyekuwa mezani. Alituambia mwenye mwanya ni Sista Ritha, lakini yuko zamu ya usiku, turudi kesho saa za kubadilishana. Kesho yake tukarudi, tukaambiwa jina lake lilikuwa bado kwenye ratiba lakini mwenyewe amehamishwa tangu mwezi uliopita, yuko zahanati moja Buguruni. Nikataka kukata tamaa, ila Mama Samson alikwisha anza kushuka ngazi.

Tulimkuta Sista Ritha anapima watoto uzito. Alikuwa mrefu kweli, msichana wa miaka ishirini na kitu, na mwanya wake ulionekana kabla hajamaliza kusema karibuni. Tukasubiri mpaka mama wa mwisho akafunga mtoto mgongoni.

Mama Samson alianza, "Hatujuani, sista. Tumekuja kwa ajili ya bibi mmoja aliyekuwa wodini kwako mwezi wa pili. Bi Siwema."

Ritha aliweka kalamu chini. "Shoga yangu," alisema.

Simu aliyoandikia ile meseji hakuwa nayo tena. Ilichomolewa kwenye mkoba Mtaa wa Kongo wakati wa manunuzi ya sikukuu. Kwa hiyo tulichokifuata hakikuwepo. Mama Samson alikaa kwenye benchi akitazama mikono yake. Lakini Ritha alikuwa bado anafikiri.

"Ile haikuwa meseji yenyewe yote," alisema. "Alisema maneno mengi, mimi nikamwambia shoga, simu inakubali herufi mia na sitini tu, tupunguze. Tuligombana. Mengi nikayaacha."

"Unayakumbuka?"

"Nayakumbuka. Nilicheka sana siku ile."

"Basi usiniambie mimi," Mama Samson alisema. "Jumapili una zamu?"

Hakuwa na zamu. Jumapili saa nne alifika Mchikichi, amevaa gauni la maua na ameshika mfuko wa machungwa kama mgeni wa heshima. Tulitandika mkeka barazani. Mzee alikuwa amevaa kofia yake nzuri. Walisalimiana, shikamoo na marahaba. Mzee ndiye aliyeanza kuuliza.

"Alikuwa amelala au amekaa?"

"Amekaa, babu. Alisema halali mpaka amalize. Nilimwekea mito miwili."

"Sauti?"

"Ndogo, lakini ya amri. Nikikosea ananiambia futa, andika upya. Ile radhi alinirudisha mara mbili. Mara ya kwanza niliandika yeye ndiye anakuomba, akasema hapana, anza na mimi kumpa, halafu ndiyo niombe, yule ana kiburi, nikitangulia kuomba atajiona."

Mzee aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Sikujua kama analia ama anacheka. Alikuwa anacheka.

"Endelea," alisema.

"Halafu akasema andika hivi: Ile siku ya mafuriko Jangwani, maji yalipoingia ndani, ulibeba kwanza redio ukaipeleka juu, ndipo ukarudi kunibeba mimi. Miaka thelathini na tatu nimekaa na jambo hilo moyoni. Nimekusamehe. Lakini ujue nilikuwa najua." Ritha akatazama machungwa yake. "Nikamwambia shoga, hii peke yake inajaza simu. Akasema basi acha, samaki ni muhimu zaidi, atakula waliooza."

Tulicheka, hata Vitalis aliyekuwa mlangoni na nyundo yake. Mzee Mbaruku hakucheka mara hii. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Ilikuwa redio ya kaka yake," alisema polepole. "Aliniazima, nikaogopa aibu. Nilidhani Siwema hakuona. Alikuwa amesimama juu ya kitanda, maji yamefika hapa, na hajasema neno. Miaka yote hajasema neno." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Kumbe alikuwa na la kusema."

"Alisema amekusamehe, babu," Ritha alimwambia.

"Nimesikia, mwanangu. Nimesikia vizuri."

Walikaa wakiongea mpaka adhana ya adhuhuri. Mzee alimwuliza mambo madogo madogo: alikula nini siku ya mwisho, nani alimsuka, kama aliona dirisha. Ritha alijibu alichokijua, na asichokijua alisema hajui. Kabla hajaondoka, mzee alimwomba amwandikie ile habari ya Jangwani kwenye simu. Ritha akatoa simu yake mpya, akaituma kwa vipande viwili, nasi tukasikia simu ya mzee ikilia mfukoni mwake. Aliitoa, akatafuta kioo chake, akabonyeza akihesabu kwa sauti.

Mama Samson alikuwa ameketi nyuma kidogo, karibu na mlango. Mzee alipomaliza kusoma alimgeukia.

"Evarista," alisema, na sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina. "Usingeifuta ile, hii nisingeipata. Sisemi ulifanya vizuri. Nasema mambo yamekwenda hivi."

"Niwie radhi, baba."

"Nimekuwia zamani. Hata Jumapili ile nilifunga mlango kwa sababu ya uchungu tu."

Mama Samson alirudi dukani Jumatatu, na kwa muda hakutaka kushika simu ya mtu. Aliwaambia waende kwa vijana wa Msimbazi. Baadaye akaanza tena, polepole, lakini kwa namna nyingine. Hakutumia tena neno lile la kufuta kwa wazee. Alisema, "Hii ikiondoka hairudi, ni ya nani?" Akasubiri jibu. Kama mwenye simu hakuona vizuri, aliomba ruhusa ya kusoma, akamsomea moja moja, na kwa kila moja akauliza ikae au iende. Foleni yake ikawa ndefu zaidi na watu wakalalamika. Zile ambazo watu hawakutaka zipotee aliwaandikia kwenye daftari, na tarehe, na jina la aliyetuma. Nimeliona daftari la bibi mmoja wa Mtaa wa Sikukuu limejaa habari za mvua ya Lindi na wajukuu waliopata meno.

Mwaka elfu mbili na tano mwenye nyumba yetu aliuza kiwanja. Tulipewa miezi mitatu, kisha wakaja wa kubomoa, na sasa pale pana ghorofa saba zenye maduka ya simu chini. Mzee Mbaruku alihamia Temeke kwa mke wa Nassibu. Mimi nilikwenda Tandika na cherehani yangu. Mama Samson na Vitalis walikuwa wamejenga vyumba viwili Mbagala, wakahamia kabla ya plasta.

Duka la Natvarlal linaendeshwa na mwanawe Chintan. Bwana huyo alijaribu kuweka maelekezo yaliyochapishwa kwa kompyuta, yenye picha za rangi. Wateja wakaendelea kuuliza yule mama yuko wapi. Kwa hiyo Mama Samson bado anakwenda siku nne kwa wiki, ana meza yake karibu na mlango, na kazi ya kufagia ana mtu mwingine.

Ijumaa ndiyo siku yake ya Temeke. Mara ya mwisho tulipofuatana, Mzee Mbaruku alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho moja na anaona vizuri kuliko mimi. Alikuwa na simu mpya kutoka Maskati, kubwa kama kiganja, na alikuwa amekasirika nayo. Mama Samson alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akaweka mkoba wake pembeni.

"Haya, baba," alisema. "Nionyeshe ulipofikia."